Viini 14 vya Nini?

Ukishalipa karo, kompyuta huwa ni moja tu. Dukani nilionyeshwa mbili: Xeon E5-2680 v4, prosesa ya mwaka 2016 yenye viini 14, na Core i3-12100 ya 2022 yenye viini vinne. Usiruke kwa hesabu ya viini! Binti yangu anasomea uchoraji wa majumba, na AutoCAD hutegemea sana kasi ya kiini kimoja. Hapo i3 hufika 4.3 GHz, Xeon 3.3. Tena Xeon ni ya wati 120, mwenzake 60 (na stima unailipa wewe), wala haionyeshi kitu kwenye skrini mpaka uinunulie kadi ya picha. Windows 11 nayo haiitambui rasmi. Angekuwa mtengenezaji filamu, ningesitasita. Nikalipia i3.