Sitaha ya Uani: Barua kwa Mwana wa Ndugu Yangu Aliyeko Maskati

Tumbe, Micheweni, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako imenifikia pamoja na kile kitambaa cha kanzu. Marahaba, na Mwenyezi Mungu akufungulie milango ya riziki. Sisi hatujambo. Shangazi yako miguu imempungua uvimbe, na bibi yako kila Ijumaa huuliza lini utakuja.

Lililonishikisha kalamu ni habari niliyoisikia dikoni, tena vinywani mwa watu wasiotuhusu, kwamba umeleta fedha ili ujengewe sitaha ya mbao katika bustani iliyo nyuma ya nyumba ya marehemu babako, kwa mfano wa zile unazoziona huko majumbani mwa watu, na kwamba fundi uliyemwamini amekwisha kuwaagiza vijana wakamkatie boriti za mikoko horini, usiku, pasi na kibali, naye azichimbie ardhini ziwe ndizo nguzo. Ningalipenda kuisikia kwako kwanza. Mimi niliyeunda mashua ufuoni hapa tangu sijaota ndevu sikuulizwa hata ni mti gani unaofaa, na hilo, mwanangu, limenichoma.

Kutaka mahali pa kubarizi jioni pamoja na aila yako, penye upepo wa bahari na harufu ya mikarafuu, ni jambo jema, wala sikuandikii kukuzuia. Ila Maskati si Tumbe. Huko mvua ya mwaka mzima haitimii shubiri moja, ubao hukaa juu ya mchanga mkavu na adui yake ni jua. Huku kwetu masika hufuatwa na vuli, mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, udongo haukauki kabisa, na mchwa wamo chini yake. Nguzo iliyochimbiwa huanza kuoza na kuliwa pale pale inapotokeza ardhini, mahali ambapo maji na hewa hukutana, nayo huliwa kwa ndani, hata mwenye nyumba akawa apita kando yake asubuhi na jioni asitambue lolote.

Nitakuhadithia jambo lililotukia ungali mtoto wa chuoni. Mtu mmoja wa kijiji cha jirani, ambaye sitamtaja kwa kuwa wanawe wangali hai na ni watu wema, alirudi kutoka Arabuni na mali yake, akajenga nyuma ya nyumba ukumbi wa mbao ulioinuliwa kimo cha kiuno, juu ya boriti mbichi za mkoko zilizochimbiwa na maganda yake, kisha akaupaka wote rangi ya mafuta ya kijani, ukapendeza hasa, watu wakaja kuutazama. Nilipita pale siku moja, nikaigonga nguzo ya pembeni kwa mpini wa tezo, ikalia tupu. Nikamwambia. Akanijibu mbele ya watu kwamba fundi wa vyombo na abaki na vyombo vyake. Nikanyamaza, nikenda zangu. Hata ilipofika hitima ya mamake, watu wamejaa, sahani za pilau zimekwisha tandazwa, nguzo ile ikatitia, mihimili ikachomoka kwenye misumari iliyokuwa imekwisha kuliwa na kutu ya hewa ya chumvi, na upande mmoja wa ukumbi ukaenda chini pamoja na waliokaa juu yake. Bibi mmoja mtu mzima alivunjika mfupa wa paja, akatembelea mkongojo hadi alipoingia kaburini. Tulipozing'oa nguzo zile tuliona kwamba ndani mmejaa udongo tu, ule ambao mchwa huutia mahali pa mti walioula, na nje imebaki ngozi nyembamba na rangi ya kijani.

Wala si hilo lililodumu zaidi. Boriti zile zilikatwa ukingoni mwa hori, mahali ambapo mizizi ya mikoko ilikuwa ikiushika udongo na kuvunja nguvu za mawimbi. Miaka michache baadaye bamvua likapenya, maji ya chumvi yakaingia bonde la mpunga, na waliokuwa wakivuna pale wakaacha kulima. Hawakulipwa na mtu. Kamba na kaa nao wakaadimika, kwani chini ya mizizi hiyo ndiko wanakokulia, pamoja na samaki wadogo ambao wakikua ndio wanaoliweka hai diko letu. Kwa hiyo nikisikia kwamba panga limeingia horini kwa fedha za mwana wa ndugu yangu, usingizi hunipotea.

Utaniambia kwamba wazee wetu walikata. Ni kweli, majahazi yalikuwa yakishuka na kaskazi na kurudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti za pwani hii, na vyumba vingi huko Ghuba upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti zetu. Lakini Kenya ilipiga marufuku kuzipeleka nje tangu mwaka 1982, na hapa Zanzibar tuna sheria ya misitu, nambari 10 ya mwaka 1996, na mti haukatwi ila kwa kibali. Na mvule wa msitu wa Ngezi usiuwaze kabisa.

Ukitaka sitaha ijengwe ikae, na ianze na mawe. Ukija, nenda Chwaka, mwendo mfupi kutoka mlangoni petu, ukayatazame magofu ya Haruni: kuta na makaburi ya mawe na chokaa yangalipo baada ya mamia ya miaka, na kila kilichokuwa cha mti kimekwenda. Jenga vikingi vya mawe na saruji, vitokeze juu ya ardhi zaidi ya shubiri, na nguzo isimame juu yake isiguse udongo. Chini ya sitaha pabaki wazi, mtu aweze kuingia na tochi, kwa kuwa mchwa hupanda hata juu ya jiwe kwa kujijengea njia ya udongo, na njia hiyo ikionekana mapema huvunjwa kwa mkono. Mbao ziwe za mvule mkavu ulionunuliwa kwa stakabadhi. Za mwembe hazifai, hupata mdudu upesi. Baina ya ubao na ubao acha mwanya maji yapite, na badala ya misumari tumia parafujo zisizoshika kutu. Kila mwaka, kabla ya masika, mbao zipakwe mafuta. Sisi vyombo vyetu tulivipaka sifa, yaani mafuta ya papa, ila harufu yake hutaiweza mezani.

Baraza ya mbele usiibomoe, hapo ndipo babu yako alipokuwa akisalimiwa na kila mpita njia. Fundi usimpe fedha zote kwa mkupuo. Mpaka na jirani upimwe mbele ya sheha. Na mdarabi ule usiguswe, nimeupanda mimi, na ndio uliobaki katika vitu vyangu uani mwenu, kwani ile mikarafuu ya Konde babako, Mungu amrehemu, aliiuza pasi na kunishauri, nami nilinyamaza kwa ajili ya bibi yako.

Mpigie simu fundi huyo leo, kabla ya Isha, umwambie horini asiende, na boriti zilizokwisha kukatwa, kama zipo, asizilete kwetu. Mimi kesho asubuhi nitakwenda kwa sheha kumweleza mwenyewe, ili isemwe kwamba tumekwenda kabla ya kuitwa. Vipimo vya uwanja nitakupelekea kwa mwana wa shangazi yako anayesafiri mwezi ujao, pamoja na hesabu ya mbao.

Wasalaam,
Ami yako