Boti ya Sentimita Nane

Haya wapenzi wa tarakilishi, leo tuache hifadhidata kidogo tuingie majini. Mjomba wangu wa Lamu anahitaji boti, na kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta" katika ukoo, kazi ya kuichagua imeniangukia. Mtumbwi wake wa mwembe umezibwa nyufa mpaka kilichobaki ni viraka tu. Ndugu sita tumechanga shilingi laki mbili na themanini, na hatutaweza kuchanga tena hivi karibuni. Injini anayo tayari, ile ndogo ya hosipawa 8 ya kuchanganya petroli na oili.

Kwanza nieleze anavyovua. Mjomba hupeleka wageni wanaovua kwa vyambo vya manyoya, na uvuvi wao ni wa macho: hutupi mshipi mpaka umemwona samaki. Maji yanapojaa, kolekole na mwatiko hupanda kwenye mafungu ya mchanga kutafuta chakula, mahali ambapo maji hayafiki hata gotini. Injini huzimwa mbali. Mjomba husimama tezi akisukuma kwa pondo, mgeni husimama omo, wote kimya, wakitafuta kivuli kinachotembea. Kazi hiyo ndiyo inayolipa karo ya binti zake wawili, kwa hiyo si mchezo.

Ukiingia mtandaoni kutafuta boti za aina hii utapelekwa Florida, ambako waongozaji wa wavuvi hutumia boti nyembamba zenye jukwaa juu ya injini, maalumu kwa mtu wa pondo. Nzuri sana. Ukigeuza bei kuwa shilingi utafunga ukurasa mwenyewe :-)

Basi nikarudi kwenye hesabu. Chombo kinachoelea husukuma pembeni maji yenye uzito sawa na wake, na lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025 hivi. Chukua boti ya tumbo bapa, urefu mita 4.3, upana wa tumbo mita 1.2. Kwa kuwa omo imechongoka, nikahesabu robo tatu tu ya eneo hilo, yaani mita za mraba 3.9 hivi. Kila sentimita inayozama hubeba takriban kilo 40. Sasa pakia: boti yenyewe kilo 110, watu wawili 140, injini 27, na petroli, nanga na barafu 43. Jumla 320. Gawanya: sentimita 8. Mistari kumi ya programu, nami nikaweza kubadilisha urefu na upana nikinywa chai.

Je, sentimita chache zina maana? Hapa ndipo Mjomba alinishinda. Nilimwambia boti ya faiba aliyokuwa ameitamani, yenye tumbo la kuchongoka, inazama sentimita 22. Akaniuliza, "Siku za bamvua au za maji mafu?" Nikabaki mdomo wazi. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, zamu moja karibu saa sita. Wakati wa bamvua yanaweza kupanda mita 3 katika zamu hiyo, kwa hiyo tofauti ya sentimita 14 ni kama robo saa tu. Lakini siku za maji mafu yanapanda mita moja na kidogo, na sentimita 14 zile zile ni karibu saa nzima wakati wa kuingia, na saa nyingine wakati wa kutoka. Mgeni amelipa nusu siku. Na ukikwama maji yakiwa yanapwa, utakaa hapo juani mpaka yarudi.

Hiyo 22 sikuitoa kwenye karatasi ya muuzaji. Karatasi hupima boti tupu, kama vile kampuni za simu zinavyopima betri bila mtu kuigusa simu. Tulichukua mitungi ya lita 20, tukaijaza maji (kila mmoja kilo 20 kamili), tukaipanga mahali watu watakaposimama, tukachora mstari wa chaki maji yalipofika. Muuzaji alituangalia kama wendawazimu. Ukinunua boti yoyote fanya hivyo, na usisahau kuhamisha mitungi minne omo uone tezi inavyoinuka.

Tuliangalia pia boti ya aluminiamu. Nyepesi, bei ya huruma, lakini ukidondosha koleo ndani inalia kama sufuria. Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na samaki aliye kwenye maji ya mapajani hana haja ya kukusubiri. Hata viwimbi vinavyopiga omo pana vinatosha kumkimbiza. Ndiyo maana tumemwomba fundi aibane omo na kuiinua kidogo.

Upana ulizua ubishi zaidi. Mjomba amezoea mtumbwi mwembamba, na miguu yake inajua kila mtikisiko. Mgeni hajui. Uthabiti wa mwanzo, ule wa kuzuia boti isiyumbe mtu akigeuka, huongezeka kwa mchemraba wa upana: ukitoka mita 1 kwenda 1.2, unapata asilimia 73 zaidi kwa urefu ule ule. Hoja hiyo aliikubali, hasa nilipomkumbusha kuwa mwakani atatimiza miaka 64.

Kwa hiyo ni ya plaiwudi, tumbo bapa, imevikwa faiba chini, na inajengwa pale pale kisiwani ili ikipasuka fundi awe jirani. Ina gharama yake. Tumbo bapa hugonga mawimbi vibaya sana, na kusi ikivuma sawasawa mlangoni itabidi waende polepole au wabaki nyumbani. Ubavu tumeuweka mfupi ili upepo usimpokonye Mjomba boti akiwa kwenye pondo, hivyo maji yatarukia ndani. Chini ya viti kutajazwa povu gumu ili isizame hata ikijaa, na jaketi za kuokolea ni lazima. Jukwaa la Florida amelikataa katakata: anasema akipanda juu hivyo samaki watamwona kabla yeye hajawaona, na ana haki, ingawa angeona mbali zaidi.

Kilichobaki ni rangi ya ndani. Mimi nataka kijivu kisichong'aa, maana nyeupe hurudisha jua machoni na kuharibu kazi yote ya miwani ya polaroidi. Yeye anataka samawati kama mtumbwi wa babu. Fundi anasema tuamue kabla ya Ijumaa.