Mistari 25

Wengi wa rika langu hudhani kompyuta isiyo na picha wala mausi ilishakufa. Njooni Changamwe. Kwenye stoo ya vipuri vya malori anakofanya kazi ami yangu, kompyuta ya mauzo ni skrini nyeusi na herufi nyeupe. Inaendeshwa na toleo la zamani la FreeBSD, mfumo wa ukoo wa Unix. Haijui WhatsApp. Stima ikipotea na kurudi, inajiwasha na kazi inaendelea. Mwenye stoo haoni sababu ya kuitupa, na mimi pia sioni.

Shida ilikuwa herufi. Fundi aliyeifunga alitaka bidhaa nyingi zionekane kwa mpigo, akaiweka mistari 50. Hesabu yake ni rahisi. VGA, teknolojia ya skrini iliyoletwa na IBM mwaka 1987, ikiwa kwenye maandishi matupu huwa na safu 400 za nukta kutoka juu hadi chini. Ukitaka mistari 50, kila herufi inabaki na kimo cha nukta 8. Kwa kimo hicho, 3 na 8 ni mapacha. 6 naye ni binamu yao. Na kipuri hujulikana kwa namba.

Ami ana miaka 61, na hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa ashajifunza kuishi nayo. Anaweka rula juu ya kioo ili asiruke mstari. Anamwita kijana wa kaunta, "Hebu nisomee hii, nimeingiwa na vumbi." Vumbi la miezi. Halafu siku moja lori la kwenda Malaba likapewa beringi siyo, na mtoto wa mwenye stoo akasema mbele ya wateja kwamba labda mzee apumzishwe.

Haya alinisimulia kwenye feri, tukirudi Likoni, macho yake yako kwa maji.

"Na miwani, ami?"

"Ninayo. Miwani yakuza kila kitu, mwanangu. Yakuza hata ukungu."

Jumapili, stoo ikiwa imefungwa, nikaenda naye. Amri ni moja: vidcontrol 80x25. Skrini ikazima kidogo, ikawaka, na herufi zimerefuka hadi nukta 16. 3 ikafunguka ubavu wa kushoto. Ami akaanza kusoma orodha kwa sauti, namba moja baada ya nyingine, rula iko mezani. Alisoma mpaka chini kabisa. Sikumkatiza.

Lakini skrini yenyewe haipanuki. Ukirefusha herufi, mistari 25 imeondoka, na kuna mtu ameipoteza. Jumatatu kijana wa kaunta akalalamika, "Sasa nishinde nikipandisha na kushusha kutwa?" Ana haki. Yeye ana miaka 22, na foleni ya madereva haimngoji.

Bahati nzuri, konsoli hii hubeba meza kadhaa ndani ya kioo kimoja. Alt na F1 inakupeleka meza ya kwanza, Alt na F2 ya pili, na kila meza inaweza kuwa na ukubwa wake. Nikaiandika ile amri ndani ya faili la .profile la ami, ijiendeshe kila akiingia kwa jina lake. F1 ikawa ya mzee, mistari 25. F2 ikabaki ya kijana, mistari 50. Haikuchukua dakika 10.

Linalonikera ni kwamba uwezo huo ulikuwemo humo siku zote. Ami alikuwa karibu apoteze kazi kwa sababu ya mpangilio ambao hakuna aliyewahi kumuuliza kama unamfaa. Ukubwa wa herufi huchaguliwa na mtu, na mara nyingi ni mtu ambaye macho yake hayajafika miaka 40, umri ambao wengi huanza kuhisi kukakamaa kwa lenzi ya jicho. Fundi yule hakuwa na ubaya. Alikuwa kijana tu.

Ami bado yuko kazini. Juzi kijana wa kaunta alinivuta kando, akauliza kwa sauti ya chini kama F2 nayo inaweza kuwekwa 25, angalau jioni.