Kijana Anayesema "Nipo Tu"

Ujumbe wa sauti uliingia saa kumi na moja alfajiri, nikifunga kamba za viatu kwenda zamu ya asubuhi. Ilikuwa Februari. Huku Würzburg, kusini mwa Ujerumani, giza lilikuwa bado totoro na theluji imeganda kwenye ngazi. Kwetu Chiungutwa, kusini mwa Tanzania, wametutangulia saa mbili; nyuma ya sauti ya mpwa wangu nilisikia kuku, ufagio wa chelewa ukifagia uwanja, na pikipiki ikipita kwenda Masasi.

"Shikamoo mjomba. Mjomba, nina ombi. Naomba unisaidie pikipiki, hata iliyotumika. Huku bila mtaji hutoboi, mjomba. Kwa sasa nipo tu."

Ombi la pikipiki halikunishangaza. Kwetu mjomba ni mjomba; mtoto wa dada ana haki ya kugonga mlango wangu kabla ya mlango mwingine wowote. Lililonikaa moyoni siku nzima ni lile neno la mwisho. Nipo tu.

Nilijua si kweli. Julai iliyotangulia nilikuwa nyumbani likizo, mikorosho ikiwa imeanza kutoa maua, na chini ya mwembe wa dada nilikuta mashine nane za kupulizia salfa zimepangwa mstari, kila moja na kitambaa cha rangi yake ili mwenyewe asiichanganye. Zote zilikuwa zimeletwa kwa mpwa wangu. Aliinamisha sikio, akavuta kamba mara mbili, akasema, "Hii kabureta," au "Hii plagi," na mara nyingi alikuwa amepatia kabla hajafungua hata skrubu moja. Mkulima wa korosho anajua maana ya mashine kufa mwezi huo. Ubwiriunga, ukungu unaoshambulia maua ya mkorosho, haumsubiri mtu. Ukishika maua wiki moja bila salfa, mavuno ya Oktoba yameshapungua kabla hayajaonekana.

Jioni ile alipita mzee mmoja kunisalimia. Katika maongezi akauliza, "Na huyu kijana siku hizi anafanya nini?" Dada yangu akajibu bila kufikiri, "Yupo tu, baba. Anahangaikahangaika." Kijana mwenyewe, mikono myeusi kwa oili hadi kwenye viwiko, aliinamisha kichwa kama anayekubali.

Binti wa miaka 17

Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya uuguzi tuna binti wa miaka 17 aliyeanza kujifunza kazi Septemba. Februari hiyo alikuwa na miezi mitano tu. Alikuwa hajaruhusiwa kuchoma sindano ya insulini peke yake, na kumgeuza mgonjwa kitandani bado alihitaji mtu pembeni. Lakini ukimuuliza anafanya nini maishani anakujibu mara moja, amekutazama usoni: "Najifunza uuguzi." Hata siku moja sijamsikia akisema yupo tu.

Nimejiuliza sana jibu lile linatoka wapi, maana akili na bidii zake hazimzidi mpwa wangu. Nadhani linatoka kwenye utaratibu unaomzunguka. Mafunzo ya uuguzi hapa ni miaka mitatu, na sheria imeyagawa: saa zisizopungua 2,100 za darasani na 2,500 za kazini. Tangu siku ya kwanza ana mkataba, ana posho, ana bima, ana mtu aliyepewa jukumu la kumfundisha. Anajua tarehe ya mtihani wake, na anajua akifaulu ataitwa nani.

Si wauguzi tu. Ujerumani ina zaidi ya fani 300 zinazotambuliwa kisheria ambazo kijana anaweza kujifunza kama mwanagenzi, yaani akiwa ndani ya kazi yenyewe: fundi bomba, mwokaji mikate, seremala, fundi umeme, karani wa benki. Wengi hukaa karakanani au ofisini sehemu kubwa ya wiki, na siku moja au mbili huenda shule ya ufundi. Kima cha chini cha posho kwa aliyeanza mafunzo hayo mwaka 2025 kilikuwa euro 682 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza. Mwisho wake kuna mtihani unaosimamiwa na chemba ya fani husika, bosi wake hana sauti ya mwisho. Na ngazi haziishii hapo: fundi anaweza kuendelea hadi cheo cha Meister, ambacho nchi hii imekiweka ngazi moja na shahada ya kwanza ya chuo kikuu.

Kwa hiyo mtoto wa hapa akichagua kuwa seremala, amepanda ngazi nyingine yenye jina na yenye heshima yake. Kwetu, kijana aliyepata daraja la nne kidato cha nne akienda kwa fundi, tunasema amekosa la kufanya.

Vijana wa kusini na uvivu

Nikiwa likizo nilisikia sana wimbo wa wazee kwamba vijana wa siku hizi hawataki kazi. Wanataka simu, kubeti na utajiri wa haraka. Naomba niwakumbushe wazee wangu, kwa heshima, historia wanayoijua kuliko mimi.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka kwetu kusini. Kisha watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, mashamba yakabaki mbali na makazi, bei ikawa haimlipi mkulima, ubwiriunga ukaingia, na ilipofika nusu ya pili ya miaka ya 1980 mavuno ya nchi nzima yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa, pamoja na vya Masasi na Newala, vikakosa korosho. Vingi vilifungwa na vingine vikageuka maghala. Vijana walifanya nini? Waliondoka. Walikwenda Dar es Salaam kutembeza mashati, vitana na maji ya baridi juani kutwa nzima, hadi jina linalohusishwa na Machinga ya Lindi likawa jina la kila mchuuzi nchini. Watu walioipa nchi neno la kutafuta riziki kwa miguu hawawezi kuitwa wavivu.

Kilichobadilika ni kitu kingine. Watoto waliokua karibuni wameona fedha ikija kwa kishindo na kuondoka kwa kishindo. Msimu wa 2017/18, nchi ilipovuna zaidi ya tani 300,000, bei mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Nyumba ziliezekwa bati, pikipiki zikajaa barabarani. Mwaka uliofuata wanunuzi walikuja na bei ya chini, wakulima wakakataa kuuza, na Novemba 2018 Rais Magufuli akaamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300, jeshi likabeba mzigo. Kijana aliyeyaona hayo akiwa na miaka 13 amejifunza kwamba mali ni tukio. Mwenye kangomba, anayezinunua korosho kwa bakuli kabla hazijakomaa kutoka kwa mama mwenye shida ya ada, anaonekana mjanja. Anayepogolea mikorosho yake kwa utulivu anaonekana amelala.

Hata neno alilolitumia mpwa wangu, kutoboa, linabeba wazo hilo. Kutoboa ni mara moja: ulikuwa upande huu wa ukuta, sasa uko upande ule. Halina ndani yake mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Mzigo ambao binti wa 17 habebi

Kuna jambo lingine ambalo sikulielewa hadi nilipoishi huku. Posho ya yule binti ni yake. Wazazi wake hawaisubiri. Anaweza kuridhika na hatua ndogo kwa sababu hatua ndogo inamtosha mtu mmoja.

Mpwa wangu akipata elfu kumi leo, kabla ya jua kuzama imeshagawanyika: daftari za mdogo wake, sukari ya bibi, mchango wa msiba kwa jirani. Sisemi hilo ni baya. Ndilo lililonifikisha nilipo. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye korosho za wajomba wanne. Lakini ndiyo sababu kijana wa kwetu anaota fedha kubwa kwa mkupuo. Anajua ndogo haitabaki mkononi mwake. Mkeka wa kubeti unamwahidi kiasi ambacho kitawatosha wote na yeye abakiwe. Tukimkemea bila kuliona hilo, tunamwonea.

Wala huku si peponi. Zaidi ya robo ya mikataba ya uanagenzi huvunjwa kabla ya kumalizika. Vijana wengi hapa wameona wazazi wao wakichakaa kwa kazi, nao wanauliza kwa nini maisha yote yaende kwa mwajiri. Na mimi kila siku nawalisha kwa kijiko wazee waliofanikiwa sana, wenye vyeti ukutani, ambao simu yao hailii Krismasi hadi Pasaka. Mafanikio ya mtu mmoja huzeeka peke yake. Sitaki Chiungutwa ijifunze hilo.

Ninachotaka tujifunze ni kuipa kazi jina, na huo si ugeni kwetu. Wabenediktini waliotoka Ujerumani na kuanzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906 walijenga karakana pamoja na kanisa, shule na hospitali. Na kabla yao, mchongaji wa Kimakonde alijifunza miaka akiwa amekaa pembeni ya mzee wake, tezo mkononi, akianza na kazi ndogondogo. Uanagenzi tulikuwa nao. Tulichoacha ni kuuheshimu.

Hata milango rasmi ipo. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inapima na kutoa cheti kwa fundi aliyejifunzia mtaani. Wanauita urasimishaji wa ujuzi. Mitaala mipya iliyoanza 2024 imeleta mkondo wa amali sekondari. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Milango hii haitafunguka yenyewe kwa kijana ambaye mama yake, mjomba wake na yeye mwenyewe wanaamini kwamba yupo tu.

Nasema mjomba wake kwa kukusudia. Sisi wa nje tuna sehemu yetu. Tunatuma picha mbele ya magari, hatutumi picha ya mwaka wa kwanza tulipofua mashuka ya wagonjwa usiku. Wadogo zetu wanaona paa la nyumba, hawaoni msingi, kisha tunawashangaa wakitaka kuanza na paa.

Kwa hiyo nilimjibu mpwa wangu kwa ujumbe mrefu. Nikamweleza mwaka wangu wa kwanza wote, bila kuficha. Nikamwambia pikipiki sitanunua sasa, ila nitanunua sanduku kamili la spana na nitalipia kupimwa kwake VETA Mtwara. Alinyamaza siku tatu. Kisha akauliza swali la haki kabisa: "Mjomba, hicho cheti kitaongeza nini wakati mashine nazijua tayari?" Nikamjibu kwamba mashine hazitajua tofauti, ila kampuni inayotafuta fundi, benki na halmashauri watajua. Nikamwomba pia anunue daftari, aandike kila mashine anayopokea: ya nani, ilikuwa na nini, amelipwa kiasi gani.

Sanduku lilifika Mei. Daftari lilianza Juni. Alinipigia picha ukurasa wa kwanza, mwandiko wa kidato cha nne, mistari imenyooka. Kupimwa bado. Huenda mambo yakaenda vizuri, huenda yakachelewa.

Jumapili iliyopita nilipiga simu, akapokea dada. Tukasalimiana, nikaulizia hali ya bibi, kisha nikamtaka mpwa wangu nizungumze naye.

"Hayupo," akasema dada. "Ameenda kazini."

Nilimwomba arudie, nikasingizia mtandao.

"Nimesema ameenda kazini, kaka. Kuna mashine za watu zinamsubiri."