Kuvuka Mto Sabaki

Kwetu Songea, kusini mwa Tanzania, kila Februari tunawakumbuka mashujaa 67 walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kwa sababu ya Vita vya Majimaji. Ndiyo maana nilipofika Malindi, pwani ya Kenya, mara ya kwanza, nilitaka kujua watu wa huku walimkabili vipi Mwingereza.

Asubuhi, baada ya mahamri na mbaazi za nazi, nilielekea Nguzo ya Vasco da Gama. Nilitarajia mnara wa kutisha. Nikakuta kitu cheupe chenye msalaba juu, kimekaa mwambani kama kichuguu kilichopakwa chokaa. Mreno huyo alitia nanga hapa Aprili 1498, akitoka kukosana na Mombasa. Sultani wa Malindi alimkirimu na kumpa rubani wa kumfikisha India. Mwaka 1505 Wareno wenzake waliipora Kilwa, kisha Mombasa. Mimi ni mtu wa kusini. Jina la Kilwa lilinichoma moyo palepale juu ya mwamba.

Kesho yake nilipanda bodaboda kwenda kaskazini. Tulivuka Sabaki, mto mpana wenye maji ya rangi ya udongo, tukaingia Magarini kwenye vumbi jekundu. Huko Bungale ndiko alikozikwa Mekatilili wa Menza, kiongozi wa Wagiriama aliyempinga Mwingereza.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia mwenyeji wangu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwa Mekatilili."

Alinisimulia tukiwa chini ya mwembe. Mwaka 1913 serikali ya Mwingereza ilitaka kodi ya nyumba, na ilitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi kwenye mashamba ya wageni. Mekatilili, mjane, alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu wakamfuata. Nilishangaa mno. Songea nimezoea kusikia majina ya manduna, viongozi wa Wangoni, wa kiume; Nkomanile, mwanamke aliyenyongwa pamoja nao, hutajwa kwa nadra. Hapa mwanamke ndiye aliyetangulia, akawalisha watu kiapo cha kutomtumikia Mzungu. Katika Majimaji sisi tulikuwa na maji ya dawa. Wao walikuwa na kiapo.

Waingereza walimkamata pamoja na mwenzake, Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka Kisii, upande wa Ziwa Victoria. Walitoroka, wakarudi pwani. Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, na vita vikawaka. Wagiriama waliposhindwa, walitozwa faini ya rupia 100,000, wakatakiwa kutoa wapagazi 1,000 na kuhama ng'ambo hii ya Sabaki, penye mashamba yao mazuri.

"Wapagazi wa kwenda wapi, mzee?"

"Kwenu. Kupigana na Mjerumani."

Nilinyamaza kwa muda. Mizigo waliyoikataa Wagiriama ilikuwa ya vita vilivyokuja kukanyaga mashamba ya babu zangu, ambayo yalikuwa hayajapona njaa ya Majimaji. Shuleni nilifundishwa Wajerumani na Waingereza kama sura mbili za kitabu. Bungale nilitambua kwamba mkono wa Mwingereza uliodai kodi huku na ule wa Mjerumani uliodai pamba kwetu ilitaka vitu vilevile: ardhi na nguvu za watu.

Wagiriama waliruhusiwa kurudi kaskazini ya mto miaka michache baadaye, na leo wanalima hapo. Mtoto wa Songea anastahili kumjua Mekatilili kama anavyomjua Nduna Songea Mbano, na mtoto wa Malindi amjue Nkomanile.