Jina langu kwenye daftari la mtayarishaji

Wadau, leo siandiki nani kaachana na nani. Nataka niwaambie habari za watu watatu ambao picha zao hamtaziona hapa, wenyewe wamenikatalia, na majina pia nayabana. Mmoja ni mwongozaji wa ule mchezo wa jukwaani uliofunguliwa hapa Dar wiki mbili zilizopita. Wawili ni watayarishaji wake: dada mmoja mwenye duka la vitenge Kariakoo, na kijana aliyekuwa akishika kamera kwenye video za Bongo Fleva. Kama uliuona mchezo umeshawajua.

Mimi jukwaa nimekulia. Miaka ya 90 mama alikuwa anatupeleka kuwaona Muungano, siku nyingine TOT, na mtaani kwetu watu walibishana kuhusu hayo makundi mawili kama Simba na Yanga. Kwa kiingilio kimoja unapata ngoma, sarakasi, kwaya, taarabu, halafu linaingia igizo na watu wanasahau bia zao mezani. Zikaja filamu za nyumbani, makundi yakapoa. Siku hizi ukimwambia mtu "mchezo wa kuigiza" anafikiria tamthilia za kwenye king'amuzi. Ngoswe na Orodha wengi tumezijibia mitihani kidato cha nne, lakini niambieni, wangapi mmewahi kuziona zikichezwa?

Basi niliposikia kuna watu wanatengeneza mchezo mpya, wa kwao wenyewe, nikaomba niende mazoezini. Ni uani kwa mwongozaji, Mwananyamala, chini ya mwembe. Waigizaji wanamwita Ticha. Kasoma Bagamoyo, ana kifua cha mafua ya kudumu na hapendi mtu apaze sauti bila sababu. "Usiniigizie," anasema. "Niambie." Binti mmoja alirudia sentensi ya kuomba hela ya mboga karibu dakika 40. Mwishoni aliisema taratibu, anatazama chini, na mimi nikajikuta nimeshika pochi.

Pembeni dada wa vitenge yuko na daftari lake kubwa la kaunta. Nauli ya waigizaji tisa, 3,000 kila mmoja, kila siku ya mazoezi. Chai na chapati. Malipo ya awali ya ukumbi. Mabango. Kibali cha BASATA. Jenereta la akiba. Hela zinatoka wapi? Nilimuuliza. Akasema ni za mzigo. Yaani zile za kuagizia vitenge vipya, ndizo zilizokuwa zinanunua chapati pale.

Zikiwa zimebaki siku 12, mwigizaji mkuu akaaga. Kapata tamthilia ya TV, analipwa kila siku anayorekodi. Huku kwenye jukwaa alikuwa alipwe mwisho, kiingilio kikishahesabiwa. Simlaumu sana, ana kodi ya nyumba. Ila Ticha alitaka waahirishe mwezi mzima, na dada akasema ukumbi haurudishi hela. Siku tatu hawakuongea. Walikuwa wanamtuma kijana wa kamera katikati yao, wote wamekaa chini ya mwembe mmoja.

"Mwambie dada yako sanaa siyo vitenge."

"Mwambie kaka yako hiyo sanaa yake imevaa vitenge vyangu."

Na kweli, maleba yote yalitoka dukani kwake.

Siku ya nne yule kijana alichoka kutumwa. Akauliza, "Kwani huyo baba lazima tumwone? Kwenye video mtu ukimkosa unamwacha nje ya picha." Ticha akanyamaza muda mrefu. Nilidhani anatafuta tusi. Kumbe anatazama miguu ya kijana. Akasema, "Vua viatu."

Ndiyo hivyo wadau. Wale mlioshangaa kwa nini mume haonekani mchezo mzima, na mke anaongea na viatu mlangoni, anavipiga rangi, anavitukana, anavilalia, sababu ni hiyo. Ticha aliandika upya kwa usiku mbili. Kijana alirudi nyumbani na ndala.

Usiku wa ufunguzi nilikuwa mstari wa mbele. Mke alipoinua kiatu kimoja na kukitazama, ukumbi ukatulia, mpaka mama mmoja nyuma akapiga kelele, "Mpige nacho!" Watu wakacheka, halafu wakanyamaza tena wenyewe. Binti hakuyumba hata kidogo.

Baada ya makofi nikaenda kumpongeza dada. Yuko kwenye meza ya mlangoni na kijana, wanahesabu. Daftari liko wazi, ukurasa wa nyuma kabisa, juu kaandika kwa herufi kubwa: WA BURE. Majina yetu yote. Watangazaji, wasanii, mheshimiwa mmoja aliyekuja na watu sita. Mbele ya kila jina idadi ya viti, mara 10,000. Jumla viti 61. Hizo ni laki sita na kumi, nauli ya waigizaji wote kwa zaidi ya wiki tatu.

Jina langu lilikuwa la nane: viti viwili. Nilikuwa nimemwambia, "Dada, mimi nitaandika, ndiyo malipo yangu." Hilo nilishalisema pia kwenye mchezo wao wa mwaka juzi, na sikuandika hata mstari mmoja. Yeye hakusema kitu. Alifunga daftari, akaniuliza kama nina usafiri wa kurudi.

Juzi nilipita dukani kwake. Rafu mbili ziko tupu, mteja anauliza vitenge vipya, anaambiwa mwezi ujao. Mchezo unarudi wikiendi mbili za mwisho wa mwezi huu, ukumbi ule ule, kiingilio kile kile.

Nilipofika nyumbani nikamtumia elfu ishirini kwa simu. Baada ya dakika tano akajibu:

"Imefika mdogo wangu, Mungu akubariki. Nimekukata. Bado ile ya mwaka juzi, mlikuja watatu."