Somo Lililopewa Zamu

Nilipoanza kazi ya ukunga katika hospitali moja ya Pwani ya Kenya, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mafunzo kazini yalikuwa na maana moja tu: semina. Barua ilitoka Nairobi au kwa mfadhili, ikiomba mtu mmoja kutoka kila wodi. Msimamizi wa wodi ndiye aliyechagua. Aliyechaguliwa alifunga safari, akalala hotelini, akapokea posho, akarudi na kabrasha nene. Kabrasha likaingia kwenye kabati ya chuma, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa msimamizi. Sisi wengine tulijifunza kwa kumuuliza mwenzetu alipopata nafasi ya kutujibu. Ikiwa semina ilihusu kumwokoa mama anayetokwa na damu, na aliyehudhuria hayuko zamu usiku huo, wodi nzima ilikuwa haijafundishwa.

Semina hizo zilikuwa na walimu wazuri, na baadhi ya mambo niliyoyapata humo ninayatumia hadi leo. Kasoro yake ilikuwa umbali. Elimu ilitolewa mbali na kitanda cha mgonjwa, ikatolewa mara moja, kisha ikatarajiwa idumu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha mwaka 1885, kwa kuipima kumbukumbu yake mwenyewe, jinsi jambo jipya linavyopotea akilini ndani ya saa na siku chache lisiporudiwa. Mkunga anaweza kukaa miezi asikutane na kifafa cha mimba. Siku kikija, hakuna muda wa kutafuta ufunguo wa kabati.

Mwaka 2005 mambo yalianza kubadilika. Shirika la afya la Amref, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture, walizindua mpango wa kuwasomesha wauguzi wa cheti hadi ngazi ya diploma kwa njia ya kompyuta. Wauguzi wa cheti walikuwa takriban 22,000. Vyuo havikuwa na nafasi za kuwapokea ila wachache kila mwaka, na hata kama nafasi zingekuwapo, nani angebaki na wagonjwa? Ikaamuliwa wasome huku wakiendelea na kazi. Masomo mengi yalikuja kwenye CD, maana intaneti ya wakati huo ilitegemea setilaiti, ilikuwa ghali, na ukurasa mmoja ulichukua muda mrefu kufunguka.

Mimi nilikuwa mmoja wa waliowasaidia wanafunzi katika kituo kimojawapo. Wengi wao walinizidi umri. Alikuwapo sista mmoja aliyenifundisha kumzalisha mama ambaye mtoto wake ametanguliza makalio. Mikono yake ilikuwa na utulivu ambao sijauona kwa mtu mwingine. Mbele ya kompyuta aliikunja mapajani. Nilipomsogezea kipanya aliniambia, "Mwanangu, nikiharibu chombo cha serikali nitakilipa na nini?" Nikakaa naye. Alipokwisha kuzoea, aliyaruka masomo yote ya utangulizi akaenda moja kwa moja kwenye kifafa cha mimba, kwa sababu wiki ile wodini kwake alikuwa amelazwa mama mwenye presha iliyokataa kushuka. Alisoma somo lile mara mbili mfululizo, akaandika vipimo vya dawa kwenye daftari, akarudi zamu.

Hapo ndipo nilipopata imani ninayoishikilia mpaka sasa. Mtu mzima husoma kwa moyo kile ambacho kazi yake inamdai wiki hiyo. Picha zinazocheza, rangi na nishani za kumpongeza huja baadaye sana.

Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na intaneti ya kasi ikaingia nchini kwa mlango wetu wa Pwani. Tulitazamia makubwa. Miaka michache baadaye huduma za afya zikahamia kwenye kaunti, simu za kisasa zikawa mikononi mwa karibu kila muuguzi kijana, na kwa kuwa Baraza linadai pointi za mafunzo endelevu kabla ya kuhuisha leseni, kozi za mtandaoni zikawa nyingi kuliko tulivyoweza kuzifuata. Lakini nyingi zilikuwa slaidi zile zile za semina, sasa zimepakiwa mtandaoni na sauti ya mtu anayezisoma neno kwa neno. Kozi ya namna hiyo ni sawa na kummwagia mtu ndoo ya maji kichwani ukitarajia kiu yake iishe. Mwishoni yalikuja maswali ambayo hata asiyesoma angeyajibu, kisha cheti.

Wodini watu walitafuta njia yao. Muuguzi kijana mwenye vidole vyepesi alikusanya nywila za wenzake, na usiku ulipotulia akawamalizia kozi wote. Mwajiri mmoja alitangaza kwamba watumishi wake wote wamehitimu somo la kuzuia maambukizi, ilhali sinki za wodi zilikuwa hazina sabuni. Sikuwalaumu wauguzi wale. Walipewa kozi bila saa ya kuisoma. Walitakiwa waisome nyumbani baada ya zamu ya saa 12, kwa simu zao, kwa bando walilolinunua wenyewe, na kiongozi wao alichotaka kujua ni idadi ya vyeti tu. Mtu aliyechoka akiambiwa abonyeze, atabonyeza.

Baadaye nilipewa kazi ya kuandaa masomo ya wodi za wazazi, nikiwa na daktari wa uzazi na vijana wawili wa kompyuta. Tulikubaliana tusiandike chochote kabla ya kukaa wodini. Hatukuwauliza wakunga wanataka kujifunza nini. Swali hilo huvuta majibu ya kuwaridhisha wakubwa. Tuliwauliza: ni dakika zipi za zamu zinazokutia hofu? Majibu yalikuja papo hapo. Damu isiyokatika. Mtoto asiyelia. Mama anayeanza kutetemeka. Rufaa ya usiku, ambulensi haipo. Hayo manne yakawa masomo yetu, na yaliyobaki tukayaacha kando, ingawa ofisini walilalamika kwamba mtaala haujakamilika.

Niruhusu nilieleze somo la damu, kwa sababu ndilo lililotufundisha kuandaa mengine. Halikuanza na orodha ya malengo. Lilianza hivi: ni saa tisa usiku, mama amejifungua mtoto wa nne, kondo limetoka, uko na mhudumu mmoja tu, na shuka linalowa haraka. Utafanya nini kwanza? Chini yake kulikuwa na njia nne, na zote ni mambo tuliyoyaona yakifanyika wodini. Aliyechagua kumpigia daktari simu kabla ya kumgusa mama hakuambiwa amekosea. Alioneshwa simu ikiita bila kupokewa, dakika zikienda, presha ya mama ikishuka, kisha akarudishwa kwenye kitanda kile kile achague tena. Akifika kwenye kuita msaada huku mkono wake ukikanda mfuko wa uzazi, hadithi inasonga mbele: oksitosini, maji ya mshipani, kuangalia kibofu na michaniko, asidi traneksamiki gramu 1 ndani ya saa 3 tangu kujifungua, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza tangu 2017. Kila hatua inamtaka aamue kabla ya kuelezwa.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuandika majibu yasiyo sahihi. Jibu la uongo lisiloweza kumvutia mtu yeyote halifundishi kitu. Tulirudi kwa wakunga wakongwe tukawaomba watueleze watu wenye akili timamu hupotea wapi usiku wa manane, na kila kosa walilotutajia tukalipa heshima yake ndani ya somo. Nilifurahi baadaye kuona watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzao wa programu ya utafiti ya KEMRI-Wellcome hapa Kenya wakipita njia kama hiyo kwa mchezo wa simu uitwao LIFE, ambapo mhudumu wa afya anaingizwa kwenye hospitali ya kuigiza na kutakiwa amwokoe mtoto mchanga, akichagua kifaa na hatua inayofuata huku muda ukiyoyoma.

Hadithi tuliiandika kwa Kiswahili tunachozungumza wodini, na majina ya dawa tukayaacha yalivyo kwenye chupa. Kila somo lilichukua dakika saba au nane. Tulitumia Moodle, programu ya bure iliyoanzishwa na Martin Dougiamas huko Australia mwaka 2002, kwa sababu somo linaweza kupakuliwa kwenye simu likasomwa hata mtandao unapokatika, na katika jengo letu ulikatika sana. Baada ya siku chache swali moja la somo lile lilimrudia msomaji kwa sura nyingine, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Hilo hatukulibuni sisi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, walionyesha kwamba wanafunzi waliosoma makala kisha wakajipima walikumbuka asilimia 56 baada ya wiki moja, na waliosoma tena bila kujipima walikumbuka asilimia 42. Kwa mkunga, tofauti hiyo ina uzito wake.

Hata hivyo, somo zuri linaweza kufa siku linapofikishwa kazini. Kabla ya kumwonyesha muuguzi yeyote, tulimpelekea matroni. Alilifanya somo la damu mwenyewe, akarudia, kisha akauliza, "Wakisoma, wodi nitamwachia nani?" Katika mikutano yote niliyohudhuria kuhusu mafunzo ya mtandaoni, sijasikia swali lenye maana kuliko hilo. Alilijibu yeye mwenyewe kwa kalamu. Kwenye ratiba ya zamu aliongeza safu moja: jina la anayesoma, na pembeni jina la anayemshikia wagonjwa wake. Tangu hapo somo likawa sehemu ya kazi, kama kupokezana ripoti. Hospitali ilifungua Wi-Fi ya wodi kwa masomo, hivyo bando la mtu halikuguswa. Alama za mtu alizijua yeye na mkufunzi wake tu. Hofu ilipoondoka, watu walianza kujibu wanavyofikiri kweli, nasi tukaona wazi msaada unahitajika wapi.

Baada ya simu ilifuata mikono. Kila kundi lililomaliza somo lilikusanyika kando ya kitanda kitupu na sanamu ya mafunzo, mmoja akawa mkunga, mmoja mhudumu, mmoja akashika saa. Mtoto asiyelia anatakiwa asaidiwe kupumua ndani ya dakika ya kwanza, na dakika hiyo huwezi kuielewa kwa kusoma tu. Lazima uone vidole vyako vinavyochelewa kuishika barakoa. Kundi la WhatsApp likazaliwa lenyewe, watu wakaulizana humo maswali ambayo darasani hawangeyatamka. Tuliweka sharti moja lisilo na msamaha: hakuna picha wala jina la mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ilipotoka mwaka 2019, sisi tulikuwa tumekwisha kulizoea.

Machi 2020 ulipogunduliwa ugonjwa wa korona nchini, mikusanyiko ikapigwa marufuku na kila ofisi ikakimbilia mtandaoni. Nilimwona muuguzi akigawa dawa huku simu iko kwenye mfuko wa aproni, mhadhara mrefu ukiendelea humo bila yeye kusikia neno, na jina lake likahesabiwa miongoni mwa waliohudhuria. Wodi zilizokuwa tayari na safu ya masomo kwenye ratiba zilifanya tofauti: video fupi ya kuvaa na kuvua mavazi ya kujikinga, kisha wawili wawili mlangoni, mmoja akivua na mwenzake akimkagua. Kuvua ndiko kwenye hatari, na mwenzako ndiye anayeona mkono wako ukielekea usoni.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuhusisha akina mama zaidi ya 200,000. Waliojifungua waliwekewa shuka la plastiki lenye vipimo linalokusanya damu ili upotevu uonekane mapema, na matibabu yote yakatolewa kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine. Madhara makubwa ya kutokwa na damu yalipungua kwa asilimia 60. Nilisoma jinsi walivyowaandaa wahudumu, nikakuta mazoezi ya mikono pale pale wodini, vinara waliochaguliwa kati ya wauguzi wenyewe, na takwimu za wodi zilizorudishwa kwa wenyewe kila mara. Katika mpango kama huo simu ina nafasi yake, na nafasi hiyo ni kumfanya mkunga aamue, akumbuke, na afike kwenye zoezi akiwa tayari.

Siku hizi nikiulizwa kama mafunzo yetu yanafaa, siendi kuhesabu vyeti. Ninachukua mafaili ya wodi na kutazama muda uliopita kati ya damu kugunduliwa na sindano ya oksitosini. Natazama kama chati ya uchungu ilijazwa wakati mama yuko kwenye uchungu au ilijazwa asubuhi kwa kukisia. Hizo karatasi hazidanganyi kirahisi.

Kwa wewe matroni, mganga mkuu, au mkuu wa rasilimali watu mwenye fungu la mafunzo mwaka huu: kabla ya kutia sahihi ununuzi wa programu yoyote, chukua ratiba ya zamu ya mwezi ujao, uandike humo saa ya kusoma, jina la anayesoma, na jina la atakayemshikia kazi.